Anti Nisaidie: Barua zenu kuhusu Roblox, avata, na watu wanaochungulia ya wenzao

Mwezi huu inboksi imejaa kitu kimoja tu, hizi dunia za mtandaoni ambako mtu anajitengenezea umbo lake linaitwa avata, anatembea nalo, anajenga nyumba, anauza nguo, anaongea na watu asiowajua wa nchi zote. Nyingi ni barua za hofu na nyingine ni za hasira. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa yote na mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyafuta, kwahiyo msinitumie ujumbe kuniuliza huyu ni nani.

SWALI: Habari yako anti. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Tabata. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 anacheza Roblox kwenye tableti ya mjomba wake. Juzi kwenye grupu la wazazi wa darasa lao ikaletwa voisi ya mama mmoja analia, anasema Waarabu wameshalifungia hilo gemu maana wanaume wazima wanaingia humo kuharibu watoto, tuma kwa wazazi wote unaowajua. Alafu mzazi mwingine akarusha skrinshoti za chati za binti wa darasa la sita, jina limo, binti alikua anaandikiana na mtu mambo makubwa. Watu wakaanza kumsema binti na mama yake pale pale kwenye grupu. Mimi usingizi umekata. Nataka nivunje hiyo tableti. Mwanangu kalia, anasema hajafanya kitu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Naomba tuanze na yule binti kwa sababu yeye ndio yuko motoni sahizi. Huyo mtoto katongozwa na mtu, yeye ndio kakosewa, alafu grupu zima la watu wazima wamekaa wanasoma alichoandika na jina lake liko juu. Kesho anaingia darasani na kila mtoto ambaye mama yake ana simu anajua. Leo leo mwandikie admini, zile picha zifutwe kwa wote na aliyezirusha aambiwe asizipeleke kwingine. Azitunze mama wa mtoto peke yake maana ndio ushahidi wake, apige 116, ile huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, au aende dawati la jinsia na watoto pale kituo cha polisi kilichopo karibu. Asifute kitu kwenye akaunti ya mtoto kabla ya hapo, hata kama yanatia aibu. Na wewe mama, kama una nafasi ya kumpigia huyo mwenzio simu, mpigie. Hakuna mtu kwenye hilo grupu aliyempa pole.

Sasa gemu lenyewe. Hilo la kufungiwa ni kweli, Uturuki walilifungia Agosti 2024, Kuwait na Qatar wakafuata Agosti 2025, na mwezi huohuo mwanasheria mkuu wa jimbo la Louisiana kule Marekani akaipeleka kampuni mahakamani akisema imeshindwa kulinda watoto. Roblox ipo toka 2006 na kufikia 2025 walikua wanaingia watu zaidi ya milioni 100 kwa siku, na kundi kubwa humo ni watoto. Mtu mwenye nia mbaya anajua pa kwenda. Kwahiyo sikwambii hofu yako ni ya bure.

Ila voisi ya kulia haikufundishi hatari inavyofika, na hilo ndio unalohitaji kulijua. Hua inaanzia kwenye gemu la kawaida kabisa, mtu anacheza na mtoto, anamsaidia kushinda, anamsifia, anampa Robux ambayo ndio pesa ya humo ndani, wanakua marafiki siku kadhaa. Alafu anamwambia humu chati inasumbua, inakata maneno, twende Discord, ile app ya kuchati, au una Snapchat, au nipe WhatsApp yako. Hapo ndio penyewe mama. Ndani ya gemu kuna vichujio vya maneno na kuna wasimamizi hata kama hawatoshi, huko anakompeleka wanabaki wawili tu. Kinachofuata ni usimwambie mama, kisha picha, kisha usipotuma nyingine hii naituma kwa shule nzima. Kila hatua hapo inaenda kwa sababu mtoto anaogopa kusema nyumbani. Na kitu cha kwanza anachokiogopa ni tableti kuvunjwa.

Usiivunje. Kaa naye jioni akuonyeshe anachezaje, mwache akufundishe mpaka na wewe avata yako iweze kuruka, utaona mwenyewe atakavyofurahi na utajua mengi bila kumhoji. Alafu ingieni pamoja kwenye akaunti yake muangalie tarehe ya kuzaliwa aliyoandika, maana wengi wanajiongezea miaka ili wafunguliwe kila kitu. Fungua na wewe akaunti ya mzazi uiunganishe na ya kwake, toka Novemba 2024 hicho kitu kipo, unaona marafiki zake, unapanga muda, unachagua magemu ya kiwango gani, na walio chini ya miaka 13 wamefungiwa kutumiana ujumbe wa pembeni nje ya gemu. Mwambie sheria moja tu aishike, mtu yeyote akisema tuhamie kwingine tukaongee, aje akwambie, na hatapokonywa kitu kwa kukwambia. Hiyo ahadi uitunze hata siku atakayokuja na jambo la kukutia kichaa.

Kuna kisa nataka ukijue maana kinafanana na hiki. Kulikua na hoteli ya mtandaoni inaitwa Habbo, kampuni ya Ufini inaitwa Sulake ndio iliianzisha mwaka 2000, watoto na vijana wa nchi nyingi walikua wanakutana humo, wanapanga vyumba, wanapiga soga. Juni 2012 televisheni ya Uingereza, Channel 4 News, mtayarishaji wao aliingia akijifanya msichana wa miaka 11, na dakika chache tu akaanza kuulizwa mambo ya ngono. Habari ilikua ya kweli na ilistahili kutoka. Wawekezaji wakajitoa, maduka yakaacha kuuza kadi zao, na kampuni ikazima chati kwa kila mtu dunia nzima, mamilioni ya watoto wakawa wanatembea humo ndani hawawezi kuongea. Mimi nauliza, yule mtoto ambaye usiku ule alikua anaandikiwa na mtu mzima, nani alimfata? Kampuni ilijulikana, hisa zilijulikana, mtoto hakuna aliyemtafuta.

Na upande wa pili kuna Momo, nadhani unamkumbuka, lile lisura la macho makubwa lililozunguka kwenye magrupu 2018 na 2019, eti linatokea kwenye video za watoto linawaambia wajiue. Lilikua sanamu la msanii wa Japani, Keisuke Aiso, alilionyesha Tokyo 2016 na akaja kulitupa lilipooza. Mashirika ya kulinda watoto ya Uingereza kama NSPCC yalisema hayajaona ushahidi wa mtoto aliyedhurika na huo mchezo, ila wazazi walioingiwa hofu walikua wengi mno, na watoto wengi lile sura walionyeshwa na wazazi wenyewe wakati wanawaonya. Kwahiyo voisi yoyote inayomalizia na tuma kwa wote, ikae kwako kwanza.

SWALI: Hujambo anti. Niko Nakuru, chuo mwaka wa tatu, nina miaka 22. Niko Second Life tangu nimalize form four, huko nashona na kuuza nguo za avata, si pesa nyingi lakini inanisaidia na renti. Avata yangu iko na pembe na mabawa meusi, ni fashoni tu, wateja wangu wanapenda hiyo staili. Kuna ukurasa fulani wa udaku ulichukua picha za avata yangu wakaziweka kando ya picha yangu ya Facebook na majina yangu mawili, wakaandika eti binti wa kanisa ameingia kuabudu shetani na anajiuza huko ndani. Watu elfu na elfu wamekomenti. Mamangu anaimba kwaya. Pasta ameniita ofisini Jumapili na ameniambia nije na simu nimwonyeshe akaunti zangu zote. Nimeshinda kwa kitanda siku mingi. Sijakosea mtu.

JIBU: Pole mwanangu, na hujakosea mtu kweli. Umeshona nguo ukauza. Pembe za avata ni vazi la jukwaani, na mtu aliyevaa vazi la jukwaani hatuendi kumshika nyumbani kwake usiku tumuulize mbona leo asubuhi ulikua mfalme Herode kwenye igizo la Krismasi.

Kuhusu simu. Si lazima umwonyeshe pasta akaunti zako. Ibara ya 31 ya katiba ya Kenya inakupa haki ya faragha na inataja mawasiliano yako waziwazi, wala haisemi ikifika mlango wa kanisa inaisha. Ukitaka kwenda kuongea naye kwa heshima nenda, enda na mama au mtu mzima anayekupenda, mweleze kazi yako ni nini, ila simu ibaki kwa mkoba. Kwa mama ndio ningeanzia. Keti naye, fungua duka lako mbele yake, mwonyeshe gauni ulilochora wewe, mwonyeshe pesa ilivyoingia na renti ilivyolipwa. Mama anayekuona ukifanya kazi hawezi kuamini ukurasa wa udaku juu yako.

Hii hofu ya shetani kwenye kila kitu kigeni sio ya jana. Rais Moi aliunda tume nzima mwaka 1994 ya kuchunguza ibada za shetani Kenya, akaiongoza Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ripoti ikatoka hadharani 1999, na wakati wote huo mtoto wa bweni mwenye pete ya ajabu au anayesikiliza muziki mzito alikua anaangaliwa kwa jicho baya. Kilichobadilika sasa ni kwamba mtu mmoja na simu anaweza kukuundia tume yake asubuhi na jioni umeshahukumiwa.

Nikupe na mfano wa mtu aliyepitia kama wewe kwa jina na sura. Colleen Lachowicz, mama mfanyakazi wa ustawi wa jamii kule Maine, Marekani, 2012 aligombea useneta wa jimbo. Jioni alikua anacheza World of Warcraft, avata yake ni ork, yaani lile jitu la kwenye hadithi, wa kike wa rangi ya kijani, mwizi wa visu, jina lake Santiaga. Chama cha wapinzani wake, Republican, kikamfungulia tovuti na kumchapishia vipeperushi, picha yake kando ya lile ork, na maneno aliyowahi kuandika kwa wachezaji wenzake kuhusu kuchoma watu visu, wakawauliza wapiga kura je huyu anafaa. Maneno ya ndani ya mchezo yakatolewa nje yakasomwa kama tabia yake. Hakukana na hakufuta. Alisema wazi ndio nacheza, na Wamarekani mamilioni wanacheza, mambo ya kuongelea ni ajira na afya. Novemba akamshinda seneta aliyekua kwenye kiti.

Sasa hatua. Kwanza weka nakala za kila kitu walichoposti na linki na tarehe, kabla hawajafuta. Pili, fikiri ni nani aliyekua anajua kuwa avata ile ni wewe, maana ukurasa haukuota, kuna mtu aliwaunganishia. Kama huyo mtu yuko Second Life mripoti humo ndani, masharti yao toka zamani yanakataza kutoa siri za maisha ya nje ya mkaazi mwenzio ambazo yeye mwenyewe hajaziweka kwenye wasifu wake, umri, dini, anakoishi, ndoa, na yanakataza kusambaza mazungumzo bila ruhusa. Tatu, peleka malalamiko kwa ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data, sheria ni ya 2019 na inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko. Wanauma wale. Mwaka 2023 shule moja Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja. Ukurasa utajitetea kuwa ni uandishi wa habari, na sheria kweli inawapa wanahabari nafasi, ila ni pale penye maslahi ya umma, na mimi sioni umma unafaidi nini kwa kujua mwanafunzi wa Nakuru anauza mabawa. Na hilo la kujiuza ni uongo wa kukuvunjia jina, hapo tafuta wakili, ukianza na kliniki ya sheria ya chuo kama ipo maana hua hawatozi.

Na duka usilifunge. Toka kitandani ukashone.

SWALI: Anti kuna jamaa kijiweni kwetu Temeke anasema CIA wako ndani ya magemu wanatusikiliza. Tumebishana mpaka karibu tupigane. Kweli au uongo?

JIBU: Hapo jamaa yako ana pointi. Desemba 2013 magazeti ya Guardian na New York Times pamoja na ProPublica walitoa nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, mojawapo ya mwaka 2008 ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, inasema magaidi wanaweza kujificha kwenye magemu kwahiyo waingie humo. Wakaingia kweli, wao na Waingereza wa GCHQ, World of Warcraft, Second Life, mpaka mawasiliano ya Xbox Live. Ndani ya Second Life walijaa maafisa wa mashirika tofauti ya Marekani hadi ikabidi waunde kikundi cha kuhakikisha hawapelelezani wenyewe kwa wenyewe. Kwenye nyaraka zile hakuna gaidi aliyetajwa kukamatwa, kilichotajwa ni genge la kuuza kadi za benki za wizi. Blizzard, wenye World of Warcraft, walisema hawakuwa na habari na wala hawakuombwa ruhusa. Wachezaji walioongea mambo yao wakijua wako na marafiki hawakuambiwa chochote na mpaka leo hawajui nani alisikilizwa. Pataneni na jamaa, na magemu yana mambo mengi lakini siri ya maana usiiongelee kwenye chati ya gemu.

SWALI: Shikamoo anti. Nasoma uandishi wa habari, niko Mwanza, mwaka wa mwisho. Nataka stori yangu ya kumalizia iwe hizi dunia za mtandaoni. Mpango wangu nifungue akaunti nijifanye binti wa miaka 12, nirekodi kila mtu anayenifata, nije nitoe video na majina ya akaunti zao. Mwalimu amesita. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amefanya vizuri kusita na mimi nakataa kabisa hiyo ya kujifanya mtoto. Kwanza wewe ni mwanafunzi huna mhariri wala wakili nyuma yako, na utakua unapokea vitu ambavyo kuvihifadhi kwenye simu yako ni kosa la jinai, huwezi kumwambia polisi ilikua kazi ya darasa. Pili, ukirekodi kila mtu utarekodi na watoto wa kweli, maana wengi watakaokufata kuongea na binti wa miaka 12 ni mabinti wa miaka 12, wanakwambia shida za nyumbani kwao wakijua wewe ni mwenzao. Hao umewafanyia nini? Maadili ya kazi yetu yanasema kujificha ni njia ya mwisho, habari iwe kubwa kwa umma na iwe haipatikani kwa njia nyingine yoyote. Wewe hizo njia nyingine hujazijaribu.

Ila stori ipo tena tamu, usiiache. Angalia waliokutangulia. 1993 Julian Dibbell aliandika kwenye gazeti la Village Voice la New York kuhusu LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu iliyokua inaishi kwenye kompyuta moja ya maabara ya Xerox kule California, ambako mchezaji mmoja alitumia programu kuwafanyia avata za wenzake udhalilishaji wa kingono mbele ya watu. Dibbell angeweza kutoa kichwa cha habari cha kutisha na kuondoka. Alikaa nao, akahudhuria mkutano wao, akaandika jinsi walivyobishana kama kuumizwa kwa avata ni kuumizwa, kama huyo mtu afutwe na nani mwenye haki ya kumfuta. Miaka zaidi ya 30 bado vyuoni wanaisoma. Peter Ludlow, profesa wa falsafa, 2003 alianzisha gazeti la mji wa Alphaville ndani ya gemu la The Sims Online, anaandika utapeli na habari za watoto wanaoingizwa kwenye mambo ya ngono humo ndani, na Desemba mwaka huo kampuni ikamfungia akaunti kwa sababu ilizozitaja yenyewe, ikaja kuwa habari mpaka New York Times. Alikua mkaazi wa pale, anajulikana, na ndio maana watu walimletea habari. Reuters nao walifungua ofisi ndani ya Second Life Oktoba 2006, avata ya mwandishi wao ikaitwa Adam Reuters, ukimwona tu unajua ukiongea naye unaongea na mwandishi.

Alafu angalia na Report Mainz ya televisheni ya Ujerumani ARD, Mei 2007. Walitoa habari kwamba ndani ya Second Life kuna watu wanaigiza kudhalilisha watoto na wengine wanapeana picha za watoto wa kweli. Hiyo ya picha ni uhalifu mkubwa, waendesha mashtaka wakaingia, kampuni ikashirikiana nao, sawa kabisa. Tatizo lilikuja nyuma yake. Kulikua na watu wazima humo waliokua na avata za watoto wakiigiza familia, shule, kulala na hadithi, watu wengine waliokulia kwenye malezi mabaya wanajipa utoto ambao hawakuupata, hamna ngono hapo. Wote wakaanza kutazamwa kama wahalifu. Mwandishi ambaye angekaa humo mwezi mmoja angeweza kuwatenganisha hao wawili kwenye aya moja tu.

Kwahiyo fungua akaunti yenye jina lako, andika kwenye wasifu kwamba ni mwanafunzi wa uandishi. Ongea na watu wazima kwanza, wasimamizi wa seva, wazazi, walimu, watu wa 116, maafisa wa dawati. Mtoto usimhoji bila mzazi. Jina la avata lilinde kama jina la mtu, kwa sababu mtu akishakaa na avata miaka kumi marafiki zake wote wanamjua kwa jina hilo, ukilianika umemwanika. Na ukikuta uhalifu wa kweli peleka polisi kabla ya kupeleka hewani. Ukimaliza niletee niisome.

SWALI: Asalaam aleykum anti. Mimi ni kaka mkubwa, tunaishi Leicester Uingereza, wazee wako Zanzibar. Mdogo wangu ana miaka 14. Sasa Roblox na Discord wote wanamtaka athibitishe umri, apige selfi ya video au apeleke kitambulisho. Mama kwa simu anasema usithubutu kupeleka sura ya mwanangu. Dogo anasema marafiki zake wote wameshafanya. Nisimame wapi?

JIBU: Waaleykum salaam kaka. Mama ana haki ya kuogopa na nitakwambia kwa nini, ila selfi na kitambulisho si mzigo mmoja.

Hili limetokana na haya haya niliyoandika juu. Habari zikitoka, wanasiasa wanashtuka, kampuni zinaambiwa jueni umri wa kila mtu, na kwenu Uingereza toka Julai 2025 sheria imekazwa. Kutaka watu wazima wasichanganyike na watoto kwenye chati ni jambo jema, nalitaka na mimi. Lakini njia iliyochaguliwa inakusanya sura na pasipoti za watoto walewale, na vitu vilivyokusanywa hua vinaibiwa. Oktoba 2025 Discord walitangaza kwamba kampuni ya nje inayowasaidia huduma kwa wateja ilidukuliwa na picha za vitambulisho za watu kama 70,000 huenda zimeondoka, na nyingi ni za watu waliovituma kuthibitisha umri wao. Korea Kusini walianza zamani, 2007 wakalazimisha tovuti kubwa kujua jina halisi la kila anayeandika, Julai 2011 taarifa za watu milioni 35 zikaibiwa kwa kampuni moja yenye Cyworld, mtandao wa kijamii wa kule, nchi yenye watu kama milioni 50, na Agosti 2012 mahakama yao ya katiba ikaifuta ile sheria. Hata Blizzard 2010 walitaka kila anayeandika kwenye majukwaa yao atumie jina lake halisi, mfanyakazi wao mmoja akaweka la kwake kuonyesha hamna neno, muda mfupi tu wachezaji wakawa wameanika simu yake na anapoishi, siku chache kampuni ikarudi nyuma. Na huku kwetu Kenya wameyaona, Agosti 2023 serikali ilisimamisha Worldcoin waliokua wanapiga picha mboni za macho za watu waliopanga foleni Nairobi kwa ajili ya pesa kidogo, na Mei 2025 mahakama kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

Kwahiyo kitambulisho na pasipoti, hapana, mama yuko sahihi, kwa gemu usipeleke. Selfi ya kukadiria umri ina nafuu kidogo. Ile ya Discord kwa Uingereza wanasema inafanyika kwenye simu yenyewe sura haiondoki, ya Roblox inaenda kwa kampuni nyingine inaitwa Persona na wanasema picha inafutwa baada ya kukadiria. Ni ahadi zao, na mimi ningetaka sheria iwalazimishe kufuta na iwaadhibu wasipofuta, sio tuwaamini kwa maneno. Mwandikie mbunge wako hilo, nyie huko mnajibiwa.

Kwa dogo, mwambie bila kupiga selfi Roblox bado anaweza kucheza, kikubwa anachokosa ni chati. Kama marafiki ni wale wa shule, wapigiane simu ya kawaida huku wanacheza, wanasikiana vizuri kuliko kuandika. Akisisitiza anataka chati basi fanyeni pamoja, wewe umekaa pembeni yake, tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli, na akaunti ya mzazi iwe imeshaunganishwa kabla, maana mashine hua inakosea umri, na ikimkadiria vibaya mzazi aliyeunganishwa anaweza kumrekebishia. Mama mpigie kwa video siku hiyo umwonyeshe mlichobonyeza na mlichokataa.